Maradhi ya Kutupa Mimba na Hesabu ya Mfugaji

Ng'ombe wa maziwa atupaye mimba katika mwezi wa saba humwachia mwenyewe hasara tatu kwa siku moja: ndama ambaye alikwisha kuwekewa matumaini kabla hajazaliwa, maziwa ambayo yangalitiririka kwa miezi kumi na ambayo sasa yatakuja haba au yasije kabisa, na kondo la nyuma ambalo, badala ya kudondoka lenyewe, hukwama likining'inia na kuoza mpaka mwili mzima wa mnyama uingie homa. Hasara ya nne haionekani siku hiyo, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, maana iwapo sababu ya mimba ile kutupwa ni brusela, basi kile kitoto kilichoanguka sakafuni mwa banda, na majimaji yaliyomwagika pamoja nacho, na lile kondo lenyewe, vimebeba vijidudu kwa mabilioni. Na ng'ombe jirani atakayekuja kunusa na kulamba, na mbwa atakayekokota mabaki mpaka ua wa pili, na mkono mtupu wa binadamu utakaosaidia kuvuta, wote wamekwisha kupokea amana wasiyoitaka.

Maradhi haya yamechukua jina lake kwa David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza, ambaye mwaka 1887 alitangaza habari za kijidudu alichokipata katika bandama za askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta. Miaka kumi baadaye, yaani 1897, Bernhard Bang, tabibu wa wanyama wa Denmark, alipata kijidudu katika mji wa mimba wa ng'ombe, akathibitisha kwamba hicho ndicho kiletacho ugonjwa wa kutupa mimba, wala haikumpitikia mtu wakati ule kwamba Malta na Denmark zilikuwa zikizungumza habari ya ukoo mmoja. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, mwana wa Malta, alidhihirisha kwamba homa ya askari ilitoka kwa mbuzi ambao kwa macho walikuwa wazima kabisa, ikapitia katika maziwa yao. Askari wakakatazwa maziwa hayo na homa ikapungua miongoni mwao upesi, ilhali raia, ambao waliendelea kuyanywa kama desturi, waliendelea pia kuugua. Ilibakia kazi ya kuunganisha kamba mbili hizi, nayo ilifanywa mwaka 1918 na mwanamke wa Kimarekani, Alice Evans, aliyeonyesha kwamba kijidudu cha mbuzi na kijidudu cha ng'ombe ni ndugu wa karibu mno, na kwa hiyo maziwa mabichi ya ng'ombe nayo hayana amani. Mabingwa wa elimu hiyo walimtilia shaka kwa miaka, na yeye mwenyewe akapatwa na maradhi yale yale aliyokuwa akiyachunguza. Tanganyika nayo haikuachwa nyuma katika msiba huu, kwa kuwa habari za brusela katika ng'ombe ziliandikwa Arusha tangu mwaka 1927.

Nimeyataja hayo kwa sababu neno moja limo ndani yake ambalo ndilo ufunguo wa mlango wote: mbuzi wa Malta walionekana wazima. Brusela si kama ndigana, ambayo humlaza mnyama na kumtoa machozi, ikamlazimisha mwenyewe akimbilie dawa. Kijidudu huingia kwa kinywa aghalabu, au kwa jicho, au kwa mchubuko wa ngozi, kikapita katika matezi, na huko hujificha ndani ya chembe zile zile za damu ambazo mwili umeziweka ziwe askari wake, kama mwizi aliyepata hifadhi katika nyumba ya polisi. Hukaa humo kimya. Lakini ng'ombe akishika mimba, nayo ikapevuka kupita mwezi wa tano, mji wa mimba hujaa sukari ya namna yake iitwayo erithritoli, ambayo kijidudu hiki huipenda kuliko vyakula vyote, na hapo huongezeka kwa kasi ya ajabu, kikaharibu kiungo baina ya mama na mwana, na mimba ikaanguka. Baada ya hapo ndipo hila yake kubwa hudhihirika. Ng'ombe yule, akishika mimba nyingine, aghalabu huifikisha salama, akazaa ndama hai, na mwenyewe hufurahi akasema kuwa maradhi yamekwisha. Kumbe kila azaapo humwaga vijidudu upya, na kila akamuliwapo huvitoa katika maziwa, kwa kuwa kiwele na matezi yaliyo karibu nacho ni makao yao ya kudumu.

Dalili, basi, ni chache na za hadaa. Mimba kutupwa baina ya mwezi wa tano na wa nane, kondo kukwama, maziwa kupungua pasipo sababu ya wazi, ng'ombe kupandishwa mara nyingi pasipo kushika, uvimbe wa maji katika magoti ya ng'ombe waliougua kwa miaka, ambao wafugaji wa nyikani huujua sana, na kwa dume, korodani kuvimba, na baadaye utasa. Hakuna hata moja katika hizo iwezayo kusimama peke yake mbele ya kadhi na kutoa ushahidi wa yakini. Homa ya Bonde la Ufa nayo huangusha mimba, illa yenyewe huja baada ya mvua kubwa za mafuriko na mimba huanguka nyingi kwa pamoja, pamoja na vifo vya ndama. Ndigana kali huweza kuangusha mimba kwa ukali wa homa yake. Na yapo maradhi ya kupandana yaletwayo na dume la kijiji, ambayo aghalabu huangusha mimba mapema, miezi ya mwanzo, pengine mwenyewe asitambue hata kidogo. Mfugaji aonaye mimba moja ikianguka hana haki ya kusema ni brusela, wala hana ruhusa ya kusema si brusela. Ana wajibu wa kuuliza, na swali hilo hujibiwa na damu, na maziwa, na kitoto kilichotupwa.

Vipimo vyenyewe vinastahili maelezo, maana watu huviogopa pasipo kuvijua. Kilicho chepesi na cha bei ndogo ni kile cha Rozi Bengali: vijidudu vilivyouawa na kutiwa rangi ya waridi huchanganywa, tone kwa tone, na yale maji ya damu yaliyojitenga yaitwayo seramu, juu ya kigae cheupe, kikatikiswa kwa dakika nne; iwapo mnyama amepata kukutana na brusela, mchanganyiko hugandamana ukawa chembechembe kama mchanga wa pwani, na iwapo hakukutana nayo hubaki laini. Jambo la kushukuriwa katika kipimo hiki ni kwamba hakihitaji mashine wala umeme, na tabibu wa mifugo aliye mbali na mji aweza kukifanya juu ya meza ya ofisi ya kijiji. Dosari yake ni kwamba husema ndiyo mara nyingine mahali pa siyo, hasa kwa ng'ombe aliyechanjwa akiwa mkubwa. Kwa sababu hiyo jibu lake la ndiyo hupelekwa maabara kubwa, kama za Temeke au Kabete, likathibitishwe kwa kipimo kiitwacho elisa au kwa vipimo vingine vya kina zaidi.

Kipimo cha pili ni cha maziwa, nacho napenda kukisifu, kwa kuwa hakimchomi mnyama sindano wala hakimtaki mwenyewe amlete ng'ombe mahali popote. Hutiwa katika maziwa mabichi vijidudu vilivyouawa na kupakwa rangi ya samawati, kisha maziwa yakaachwa yatulie mpaka malai yapande juu. Iwapo kingamwili za brusela zimo, huvishika vijidudu na kupanda navyo pamoja na mafuta, ukaona pete ya samawati juu ya maziwa meupe, na iwapo hazimo, malai hubaki meupe na rangi ikabaki chini. Mashuhuri kwa jina la pete ya maziwa, kipimo hiki kimetumika tangu miaka ya 1930, na kwa vituo vyetu vya kukusanyia maziwa kingekuwa taa ya mlangoni, lau kila mfugaji angepimwa maziwa ya chombo chake kabla hayajamiminwa katika pipa la wote, maana yakishamiminwa, uovu wa ng'ombe mmoja huweza kupotea katika wema wa ng'ombe mia na pete isionekane. Sharti ijulikane pia kwamba dang'a, na maziwa ya ng'ombe anayekaribia kuachwa kukamuliwa, na maziwa ya kiwele chenye ugonjwa, huweza kuleta pete ya uongo. Kwa hiyo pete ni onyo, si hukumu.

Ushahidi wa mwisho ni kijidudu chenyewe kupatikana, ama kwa kuoteshwa, ama kwa kuchunguzwa chembe zake za urithi, ama kwa kupakwa rangi katika maji ya tumbo la kitoto kilichotupwa, ambapo chini ya darubini huonekana vijiti vifupi vyekundu juu ya uwanja wa buluu. Lakini kukiotesha si kazi ya kila maabara, kwa kuwa ni vichache kati ya vijidudu vya mifugo vilivyowaambukiza mafundi wa maabara wengi kuliko hiki.

Sasa nafika mahali ambapo nadhani makosa mengi ya nchi zetu hutendeka. Mtu huenda kununua mtamba, akadai cheti cha damu, akapewa cheti kisemacho siyo, akalipa fedha zake kwa moyo mtulivu, na baada ya mwaka mmoja mtamba yule akatupa mimba yake ya kwanza. Muuzaji hakudanganya, wala tabibu hakukosea, bali maradhi yenyewe yana siri hii: ndama jike aliyezaliwa na mama mgonjwa, katika sehemu ndogo ya waliozaliwa hivyo, hubaki na kijidudu mwilini pasipo damu yake kutoa ishara yoyote, akakua, akapandishwa, na ishara ya kwanza ikaonekana pale mimba inapoanguka au ndama anapozaliwa. Hata ng'ombe mkubwa aliyeambukizwa huweza kujibu siyo katika siku zilizo karibu na kuzaa, na kwa hiyo busara hutaka apimwe tena baada ya kama siku thelathini tangu azae. Maana ya hayo ni kwamba swali la kweli si afya ya ng'ombe huyu, ni afya ya zizi alikotoka. Cheti cha mnyama mmoja pasipo habari za zizi lake ni sawa na kumposa binti pasipo kuuliza nasaba.

Na hapa namkumbuka mfugaji mdogo, ambaye ndiye mzalishaji mkubwa wa maziwa katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, katika vilima vya Tanga na Kagera, na ng'ambo ya mpaka huko Kiambu na Nandi. Mtu wa ng'ombe mmoja au wawili wa ndani, walishwao majani ya migomba na matete ya kukatwa. Ng'ombe wa ndani ana hifadhi kubwa, kwa kuwa hakutani na makundi malishoni na mitoni, na kwa kweli brusela hupatikana zaidi katika makundi ya kuhamahama kuliko katika mabanda. Hata hivyo milango miwili imebaki wazi. Mmoja ni dume la kuazima, ambalo hutoka banda hili kwenda lile. Mlango huu hufungwa kwa uhimilishaji, maana mbegu zitokazo katika vituo kama cha Usa River, karibu na Arusha, hutoka kwa madume yaliyochunguzwa. Wa pili ni mipango ya wema ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambayo humtaka aliyepewa mtamba amtoe ndama jike wa kwanza kwa jirani anayefuata. Mipango hii imeinua nyumba nyingi, nami naipenda kwa dhati. Lakini maadamu ndama jike wa mama mgonjwa huweza kuficha maradhi hata baada ya kupimwa, wema huu usipofuatana na uchunguzi wa mama, na wa mtamba mwenyewe baada ya kuzaa, hupeleka zawadi na msiba kwa kamba moja.

Tiba, kwa ng'ombe, haipo ya kutegemewa. Zipo dawa ziuazo kijidudu hiki katika chupa, kama oksitetrasaiklini, lakini ndani ya mwili kimejificha mahali ambapo dawa hufika kwa taabu, na ng'ombe angehitaji kutibiwa kwa muda mrefu na kwa gharama ipitayo thamani yake, ilhali maziwa yake ya muda wote huo yangekuwa na dawa yasiweze kuuzwa, na mwishoni asiwepo wa kuapa kwamba amepona. Ajaye na sindano akaahidi kumponya ng'ombe wa brusela anachukua fedha ya mwenyewe na kumwachia maradhi. Binadamu hutibiwa, na hupona, illa kwa subira: doksisaiklini kwa wiki sita, pamoja na rifampisini au na streptomaisini, na anayekatiza dawa kwa kuwa homa imeshuka aghalabu hurudiwa. Shida kwa binadamu hutangulia dawa, kwa maana homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, uchovu usioeleweka, yote hayo nchini mwetu huitwa malaria kwanza, kisha taifodi, na mgonjwa huzunguka zahanati tatu kabla ya mtu kumwuliza swali moja la pekee: je, unafuga, unachinja, unazalisha ng'ombe, au unakunywa maziwa mabichi?

Juu ya maziwa, desturi ya chai yetu imekuwa rehema isiyohesabiwa, kwa kuwa maziwa yachemkayo pamoja na majani ya chai hayana brusela tena, na samli vile vile imepita motoni. Hatari imo katika maziwa yanywewayo yakiwa na joto la kiwele, na katika mtindi uliogandishwa kwa maziwa mabichi, maana uchachu peke yake si wa kutegemewa. Mtindi wa maziwa yaliyochemshwa kwanza, kisha yakatiwa chachu, hauna neno. Lakini mkamuaji, na mke wa mfugaji ambaye ndiye aghalabu huamka usiku kumsaidia ng'ombe kuzaa, na mchinjaji, na tabibu, hawaokolewi na chai. Hao huokolewa na glavu, au hata mfuko wa plastiki mkononi kama glavu hazipo. Na desturi ya kumtenga ng'ombe anayekaribia kuzaa. Na kumzika mtoto aliyetupwa pamoja na kondo lake katika shimo refu lenye chokaa, au kumchoma, kabla mbwa hawajafika. Na kuosha sakafu kwa dawa, kisha kuliacha jua liingie, kwa kuwa kijidudu hiki hufa kwa saa chache juani, na kivulini penye unyevu huweza kuishi kwa miezi.

Chanjo ndiyo ngao ya zizi. Ile kongwe, iitwayo ya namba 19, ilitoka katika maziwa ya ng'ombe mmoja mwaka 1923 huko Marekani, ambapo John Buck aliacha vijidudu vyake juu ya meza kwa zaidi ya mwaka, na alipovirudia akavikuta vimepoteza ukali pasipo kupoteza uwezo wa kuufundisha mwili kujilinda. Hupewa ndama jike, wa miezi mitatu mpaka minane, mara moja tu. Haipewi ng'ombe mwenye mimba ovyo, kwa kuwa huweza kuiangusha, wala haipewi dume. Nyingine, ya RB51, ilianza kutumika Marekani mwaka 1996, na fadhila yake ni kwamba haivurugi vipimo vya damu, lakini mchanjaji anayejichoma nayo kwa bahati mbaya sharti amwambie daktari wake, kwa sababu rifampisini haiiwezi na vipimo vya kawaida havitaiona. Si chanjo ya yakini hata moja kati ya hizo. Wapo ng'ombe waliochanjwa na bado wakaambukizwa. Lakini ng'ombe aliyechanjwa hutupa mimba kwa nadra, na asiyetupa mimba humwaga vijidudu vichache, na amwagaye vichache haambukizi kama mwingine.

Nchi zilizoyashinda maradhi haya, kama Australia iliyojitangaza huru mwaka 1989 baada ya kampeni ya karibu miaka 20, zilipima, zikachinja walioonekana wagonjwa, na zikalipa. Neno hili la mwisho ndilo ambalo wanaoiga sera hizo hulisahau. Mtu wa ng'ombe mmoja akiambiwa kwamba damu ya ng'ombe wake ina brusela, na hakuna fidia, ameachiwa njia mbili: amchinje, apate bei ya nyama na kupoteza riziki ya kila siku, ada ya shule na mbolea ya migomba, au amuuze mnadani Jumamosi ijayo, kimya, kwa mtu asiyemjua. Simlaumu kwa wepesi. Nasema tu kwamba kipimo kisicho na fidia, badala ya kuyazuia maradhi, huyasafirisha, kwa kuwa ng'ombe ambaye angalibaki katika banda lake huuzwa mbali haraka kwa sababu ya kipimo chenyewe.

Kwa nini basi ushirika wa maziwa usijibebee mzigo huu? Tuseme wapo wafugaji 200, wenye ng'ombe kama 400, waletao kituoni lita 1,500 kwa siku, na wakubaliane kuacha shilingi 10 za Tanzania katika kila lita. Kwa siku ni shilingi 15,000, na kwa mwaka ni 5,475,000. Ng'ombe aliyeonekana mgonjwa akichinjwa, kiwele na mji wa mimba na matezi yakaondolewa na mkaguzi, nyama yake huuzwa ikaliwa baada ya kupikwa, na kwa hiyo mfuko haudaiwi bei yote ya ng'ombe wa maziwa, unadaiwa tofauti tu. Tofauti hiyo ikiwa shilingi milioni moja, mfuko waweza kufidia ng'ombe watano kwa mwaka. Watano kati ya 400 ni kidogo zaidi ya mmoja katika mia. Ikiwa maradhi yamemshika mmoja katika kumi, fedha hizo hazitoshi hata robo, na mfuko utavunjika mwaka wa kwanza; ndiyo sababu mitamba yote ya eneo huchanjwa kwanza, kwa miaka, kizazi baada ya kizazi, pete ya maziwa ikiangaliwa kituoni kila baada ya miezi michache, na kisu hakitolewi alani mpaka idadi ya wagonjwa imeshuka pale ambapo shilingi kumi za kila lita zaweza kumlipa kila mmoja wao.